Mashine ya mabango ikiacha milia: Soma karatasi kabla ya kubonyeza kitufe

MWEZI wa Oktoba unapofika, Mtwara hubadilika. Malori ya korosho huanza kupanga foleni kwenye maghala, vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) hukusanya mazao ya wanachama, na minada ya mfumo wa stakabadhi ghalani huanza kuingiza fedha vijijini, kutoka Newala na Tandahimba hadi Nanyamba na vijiji vya bonde la Mto Ruvuma.

Fedha hizo hazikai sana mfukoni. Hununua bati, baiskeli na pikipiki, hulipa ada za shule, na sehemu yake hufungua biashara mpya. Kila duka jipya la pembejeo, kila wakala wa fedha za simu na kila mama lishe anayepanua banda lake hutaka kitu kimoja: bango.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mchoraji mwenye kopo la rangi na brashi. Siku hizi sehemu kubwa imechukuliwa na mashine ya wino yenye upana wa mita 1.6 au 1.8, na kubwa zaidi mita 3.2, inayochapa juu ya fleksi na stika. Kwa mfanyabiashara mdogo wa mikoani, mashine ya namna hii ni mtaji mkubwa, na mara nyingi ni mtaji wa mkopo wenye marejesho ya kila mwezi.

Tatizo ni kwamba mashine hizi hupenda kusumbua wiki ile ile ambayo mteja yuko mlangoni. Bango lililotakiwa kuwa na bluu iliyoiva linatoka na milia myeupe kama shati la mistari. Nyekundu inageuka waridi. Maandishi yanakatika katikati.

Mara nyingi chanzo cha milia hiyo ni vitundu vya kichwa cha kuchapia ambavyo havitoi wino. Wenye mashine wengi huamini dawa yake ni moja tu: kubonyeza kitufe cha kusafisha, mara moja, mara tano, mara kumi, hadi wino uishe au kichwa chenyewe kife.

Ukweli ni kwamba kitundu kisichotoa wino ni dalili, si ugonjwa. Magonjwa yanayoleta dalili hiyo ni zaidi ya moja, na kila moja lina tiba yake. Karatasi ndogo ya majaribio inayotolewa na mashine yenyewe inaweza kuonyesha ugonjwa ni upi kabla ya kutumia fedha yoyote ya maana.

Hasara inavyoingia

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme mwenye mashine amepata kazi ya mita za mraba 40 kwa bei ya shilingi 12,000 kwa mita. Mapato yake ni shilingi 480,000. Tuseme fleksi na wino vinamgharimu shilingi 5,500 kwa mita, yaani shilingi 220,000. Kinachobaki, kabla ya pango, umeme na mshahara wa kijana wa dukani, ni shilingi 260,000.

Sasa mita 10 tu zitoke na milia, mteja azikatae, zirudiwe. Gharama inaongezeka kwa shilingi 55,000 na kinachobaki kinashuka hadi shilingi 205,000. Zaidi ya sehemu moja ya tano ya faida ghafi imekwenda kwenye takataka. Kazi yote ikirudiwa, kinabaki shilingi 40,000, na pango bado halijalipwa.

Hapo haijahesabiwa saa zilizopotea, wino ulionyonywa na mashine wakati wa kusafishwa, wala mteja aliyeamua kwenda kwingine. Ndiyo maana kitundu kidogo ambacho macho hayakioni ni jambo la kiuchumi, si la kifundi peke yake.

Vitundu hivyo vinafanyaje kazi

Mkulima wa korosho hahitaji maelezo marefu hapa. Anapopuliza dawa ya maji dhidi ya ubwiriunga, anajua kwamba nozeli ya bomba ikiziba, upande mmoja wa mkorosho unakosa dawa hata kama tangi limejaa. Kichwa cha mashine ya mabango ni hivyo hivyo, ila nozeli zake ni nyingi na ni nyembamba kuliko unywele.

Miongoni mwa vichwa vya Epson vinavyotumika sana kwenye mashine za ukubwa huu, kile kinachojulikana kama DX5 kina safu 8 zenye vitundu 180 kila moja, jumla 1,440. XP600 kina vitundu 1,080. Kile cha i3200, kama jina lake linavyodokeza, kina 3,200.

Nyuma ya kila kitundu kuna chumba kidogo cha wino na kipande cha kauri maalumu. Kauri hiyo ikipata umeme hujikunja kidogo na kusukuma tone moja la wino nje. Kwa hiyo, ili tone litoke, mambo matatu lazima yawepo kwa pamoja: wino ufike chumbani, njia ya kutokea iwe wazi, na umeme ufike kwenye kauri. Moja likikosekana, kitundu kinanyamaza. Kusafisha kunaweza kusaidia kama njia imeziba, lakini hakuwezi kurudisha umeme uliokatika wala kuziba mpira unaovujisha hewa.

Wino wenyewe ni kimiminika kilichobeba rangi na gundi. Wavuna chumvi wa pwani ya Mtwara na Lindi wanalijua somo hili vizuri: maji ya bahari yakiachwa juani, maji huondoka na chumvi hubaki. Wino ukiachwa wazi kwenye mdomo wa kitundu, kimiminika huruka na rangi pamoja na gundi hubaki, vikawa kizibo.

Karatasi ya majaribio inasema nini

Karibu kila mashine ina sehemu ya kuchapa jaribio la vitundu. Hutoa vistari vifupi vilivyopangwa kama ngazi, kila kistari kikiwa cha kitundu kimoja, na kila rangi ikiwa na fungu lake. Kistari kikikosekana, kitundu chake hakitoi wino.

Kosa la kawaida ni kuchapa jaribio moja na kukimbilia kusafisha. Inatakiwa kuchapa majaribio mawili mfululizo na kuyaweka pamoja. Kulinganisha karatasi hizo mbili ndiko kunakotoa jibu.

Kwanza, kama mapengo yako mahali pale pale kwenye karatasi zote mbili, kuna uwezekano mkubwa kwamba vitundu hivyo vimeziba kwa wino mkavu, au vimekufa.

Pili, kama mapengo yanahama, leo hapa kesho pale, hicho si kizibo. Ni hewa iliyoingia kwenye mirija au wino usiofika vizuri. Kusafisha zaidi kunaweza kuvuta hewa nyingine na kuongeza mapengo.

Tatu, kama jaribio ni zuri lakini baada ya kuchapa nusu mita au mita moja rangi moja inaanza kufifia, kichwa kina njaa ya wino. Chanzo huwa ni mrija uliokunjwa, chujio lililojaa, au dampa, kile kifuko kidogo chenye chujio kilichoko juu ya kichwa, ambacho kimechoka.

Nne, kama rangi nzima imetoweka polepole, chupa ya wino, dampa, kepu na pampu ndivyo vya kuangaliwa kwanza. Kama safu nzima imetoweka ghafla, hasa baada ya umeme kukatika au baada ya mtu kugusa kichwa, upande wa umeme ushukiwe: waya bapa unaounganisha kichwa na bodi, soketi yake, au bodi yenyewe.

Tano, kama vistari vyote vipo lakini vingine vimepinda, kuna uchafu kwenye uso wa kichwa. Mara nyingi ni uzi wa fleksi au vumbi lililoshikana na wino.

Karatasi hizo zisitupwe. Ziandikwe tarehe na kuwekwa kwenye faili. Zikifika kumi, zitaonyesha kama mashine inazidi kuumwa au inapona, jambo ambalo kumbukumbu ya kichwani haiwezi kulishika.

Anza na hatua isiyo na gharama

Baada ya karatasi kusoma hali, hatua zifuate mpangilio wa gharama, kuanzia ile ya bure.

Hatua ya kwanza ni kuangalia kwa macho. Je, chupa zina wino? Je, mirija ina mapovu ya hewa? Je, kuna mrija uliobanwa mahali? Ukaguzi huu unachukua dakika tano na hauli wino.

Hatua ya pili ni kusafisha kwa kawaida mara moja, kisha kuchapa jaribio. Kama mapengo yamepungua, inaruhusiwa kurudia. Kama baada ya mara mbili au tatu hakuna mabadiliko, au mapengo yameongezeka, lazima kuacha. Mashine iachwe imefunikwa saa moja au zaidi. Mapovu madogo hupanda yenyewe, na wino ulioanza kuganda hupata nafasi ya kulainika.

Hatua ya tatu ni kepu. Hiki ni kifuniko cha mpira ambacho kichwa hukaa juu yake mashine ikipumzika. Kepu ndiyo inayozuia wino usikauke, na ndiyo inayoshika kichwa ili pampu ivute. Mpira wake ukiwa na wino mkavu au ufa mdogo, pampu huvuta hewa badala ya wino, na kusafisha kote kunakuwa kazi bure.

Kipimo chake ni rahisi. Kichwa kikisogezwa pembeni, kepu inajazwa kimiminika cha kusafishia. Kwenye mashine nyingi kimiminika hicho kinatakiwa kitulie. Kikipotea chenyewe kwa dakika chache, pampu au mrija wake haufungi. Kisha pampu iwashwe: kimiminika kinatakiwa kinyonywe chote. Kikibaki, pampu imechoka au njia ya uchafu imeziba. Mfanyabiashara anaweza kuwa ameshauriwa kununua kichwa kipya wakati kilichoharibika ni kipande cha mpira.

Hatua ya nne ni usafi wa mkono. Kingo za kepu, waipa inayofuta uso wa kichwa, na pembeni mwa kichwa hufutwa kwa kijiti chenye sponji kisichoacha nyuzi, kilicholowekwa kwenye kimiminika sahihi. Pamba ya kawaida haifai kwa sababu huacha nyuzi. Sehemu yenye vitundu haisuguliwi.

Hatua ya tano ni kuloweka. Jioni kepu inajazwa kimiminika cha kusafishia, kichwa kinarudishwa juu yake, mashine inazimwa hadi asubuhi. Vizibo vingi vya wino mkavu huachia kwa njia hii, na gharama yake ni kimiminika kidogo na usingizi wa usiku mmoja.

Hatua ya sita ni kubadilisha dampa ya rangi yenye njaa. Bei ya dampa ni ndogo sana ikilinganishwa na kichwa. Baada ya hapo, kama safu bado ni kimya, fundi mwenye ujuzi wa umeme wa mashine hizi ndiye aitwe, naye aonyeshwe karatasi zote za majaribio. Fundi aliyepewa historia hufanya kazi haraka kuliko aliyeambiwa tu kwamba mashine imegoma.

Mambo yanayoua kichwa

Mkulima ambaye nozeli ya bomba lake imeziba huweza kuizibua kwa waya mwembamba, ingawa hata huko waya hupanua tundu na kuharibu kipimo cha dawa. Kwenye mashine ya mabango, waya au sindano ni mwisho wa kichwa. Vitundu havipanuki, vinapasuka.

Jambo la pili ni kusukuma kimiminika kwa nguvu kwa bomba la sindano. Ndani ya kichwa kuna utando mwembamba unaotenganisha wino na sehemu za umeme. Shinikizo kubwa huupasua, na kuanzia hapo rangi huchanganyika au kichwa huungua.

La tatu ni kimiminika kisicho sahihi. Wino wa solventi, wa eko-solventi na wa maji si ndugu. Kimiminika cha wino mmoja kinaweza kuugandisha mwingine ndani ya mirija, na asetoni au petroli vinaweza kula gundi iliyoshika kichwa. Kanuni ni moja: kimiminika cha kusafishia kinunuliwe pamoja na wino, cha aina ile ile.

La nne ni kuchomoa waya bapa mashine ikiwa na umeme, au kuurudisha ukiwa na unyevu. Tone moja la wino kwenye soketi yake linatosha kuunguza kichwa na bodi kwa mpigo mmoja. Mashine izimwe na kuchomolewa ukutani, isubiriwe dakika kadhaa, waya ukaguliwe na kukaushwa.

Umeme, vumbi na umbali wa Kariakoo

Miongozo ya mashine hizi imeandikwa kwa ajili ya chumba safi chenye umeme usiokatika. Mtwara ina mazingira yake.

La kwanza ni umeme. Gesi ya Ghuba ya Mnazi imekuwa ikifua umeme wa Mtwara na Lindi tangu muongo wa 2000, lakini kuwa jirani wa visima vya gesi hakumhakikishii mwenye duka kwamba taa hazitazimika. Septemba 2023 nchi iliingia kwenye mgawo wa umeme ulioendelea hadi miezi ya kwanza ya 2024.

Umeme ukikatika mashine ikiwa katikati ya kazi, kichwa hubaki juu ya fleksi, wazi, mbali na kepu yake, tena juu ya sahani yenye joto la kukaushia wino. Saa mbili za hali hiyo zinatosha kuziba vitundu vingi. Kifaa cha kuhifadhi umeme, maarufu kama UPS, hakihitaji kuwa kikubwa kiasi cha kumaliza kazi. Kinatakiwa kitoshe kusimamisha mashine na kurudisha kichwa kwenye kepu. Vipasha joto vinakula umeme mwingi, na kwenye mashine zenye laini yake tofauti havina haja ya kuunganishwa humo.

Asiye na kifaa hicho ajifunze kutoka kwenye kitabu cha mashine yake kama kichwa kinaweza kusukumwa taratibu kwa mkono hadi juu ya kepu. Kijana anayesimamia mashine ajue hivyo pia. Kazi ndefu isiachwe ichape usiku bila mtu.

La pili ni hewa. Duka lililo kando ya barabara ya vumbi linaingiza mchanga laini kila mlango unapofunguliwa. Upepo wa bahari huleta unyevu wenye chumvi unaokula soketi na bodi. Feni iliyoelekezwa kwenye mashine inampoza mhudumu lakini inakausha vitundu na kupeperusha vumbi. Chumba kidogo chenye mlango unaofungwa, sakafu inayopigwa deki badala ya kufagiliwa, na kiyoyozi kisichopuliza moja kwa moja kwenye kichwa vinaokoa fedha. Kwa kuwa wino wa solventi una mvuke mkali, chumba hicho lazima kiwe na njia ya kutoa hewa nje.

La tatu ni umbali. Wino, dampa na kepu kwa kawaida hutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, kwa basi au lori. Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika pwani ya Tanzania, mvua zilizoambatana nacho zilikata barabara ya kwenda mikoa ya kusini katika eneo la Somanga mkoani Lindi, na magari yakakwama. Mwenye mashine asiye na dampa ya akiba siku kama hizo alikuwa hana la kufanya.

Kwa hiyo akiba ya dukani Mtwara haiwezi kuwa sawa na ya mwenzake wa Kariakoo anayevuka barabara tu kwenda kununua. Kepu moja, dampa mbili, waipa moja na lita moja au mbili za kimiminika cha kusafishia ni mtaji mdogo unaolala kabatini, lakini unalinda mtaji mkubwa.

Miezi ya ukimya ndiyo hatari

Jambo ambalo wenye mashine wengi hawalihesabu ni msimu. Biashara ya Mtwara hufuata korosho. Kuanzia Oktoba hadi Januari kuna fedha, na Oktoba ikiangukia mwaka wa uchaguzi mkuu, kama ilivyokuwa 2015, 2020 na 2025, mahitaji ya mabango huwa maradufu. Baada ya hapo mzunguko hupungua, na wakati wa masika mashine inaweza kukaa wiki mbili bila kazi ya maana.

Zipo pia nyakati ambazo msimu wenyewe hugeuka. Novemba 2018 Serikali iliamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo baada ya mvutano wa bei na wanunuzi, na malipo ya baadhi ya wakulima yakachelewa. Fedha zilizozoeleka kuingia madukani hazikuingia kwa wakati wake.

Kichwa cha mashine kinaumia zaidi miezi hiyo ya ukimya kuliko miezi ya kazi. Wino unaotembea haugandi. Wino uliosimama ndio unaoziba. Mwenye mashine anayezima kila kitu mwezi wa Machi ili kuokoa umeme, akafungua Oktoba akiwa na oda mkononi, huwa anakutana na madhara ya miezi saba kwa siku moja.

Dawa yake ni nafuu. Kila siku, au angalau kila baada ya siku mbili, mashine iwashwe, ichape jaribio na kipande kidogo chenye rangi zote juu ya mabaki ya fleksi. Kepu na waipa visafishwe kila jioni ya siku ya kazi. Mashine ikitakiwa kulala kwa wiki kadhaa, mirija na kichwa vijazwe kimiminika cha kuhifadhia kama mwongozo wake unavyoelekeza.

Pamoja na hayo yote, kichwa kina umri. Bei yake huanzia mamia ya maelfu ya shilingi na kwa baadhi ya aina huvuka milioni. Anayesubiri kife ndipo atafute fedha atalazimika kukopa tena. Tuseme kichwa kipya kitamgharimu shilingi 1,200,000. Akitenga shilingi 300 kwa kila mita ya mraba anayochapa, mita 4,000 zitakuwa zimekilipia. Shilingi hizo 300 ni sehemu ya gharama ya bango, na zinatakiwa ziwemo kwenye bei tangu mwanzo.

Mteja naye afumbue macho

Somo hili si la mwenye mashine peke yake. Mwenye duka la vyakula Msimbati, mvuvi anayeuza samaki wabichi, mkulima wa mpunga wa Kitaya na mfanyabiashara wa karibu na kivuko cha Kilambo wote hulipia mabango, na wengi husafiri hadi mjini kuyafuata. Anayegundua milia akiwa amesharudi nyumbani amepoteza nauli mara mbili.

Mteja ana haki ya kuomba kuona jaribio la vitundu la siku hiyo, au kipande kidogo cha bango lake kilichochapwa kwanza. Aangalie maeneo yenye rangi moja iliyojaa, kama anga au mandhari ya nyuma, kwa sababu milia huonekana huko kabla ya kwenye picha. Aulize pia kasi iliyotumika. Kichwa kinapopita mara nyingi juu ya eneo moja, vitundu vizima hufunika mapengo ya vile vichache vilivyokosekana. Kinapopita mara chache ili kuwahi, kila pengo hujitokeza.

Hilo pia ni njia ya kujinusuru kwa mwenye mashine. Kama kati ya vitundu 180 vya safu vimekosekana viwili vitatu na kuloweka hakujasaidia, si lazima kazi isimame. Kupunguza kasi na kuongeza mapito kunaweza kutoa bango safi, ingawa kwa muda mrefu zaidi. Ni afadhali kumwambia mteja aje saa kumi badala ya saa sita kuliko kukipeleka kichwa kwenye usafi wa kumi na moja.

Daftari moja lenye tarehe, karatasi za majaribio, hatua iliyochukuliwa na matokeo yake linatosha kuanzia. Baada ya msimu mmoja litamwonyesha mwenye mashine ni rangi ipi inayomsumbua, ni siku zipi umeme ulimuumiza, na ni shilingi ngapi zilikwenda kwenye vifaa. Korosho zikianza tena kuingia ghalani, atakuwa anachapa mabango wakati jirani yake bado anabonyeza kitufe cha kusafisha.